Sauti Zetu Masikioni mwa Mashine

 Nawasalimu walio Mtwapa na walio Gongoni, walioketi barazani Takaungu na Mambrui, walio mashambani Ganze, Bamba na Marafa. Nawasalimu wagema waliokwisha kushuka minazini, wavuvi wanaongoja maji, kina mama walio jikoni na redio zi juu ya kabati, na vijana wanaotusikiliza kwa simu huku wakifanya mambo mengine kumi. Nawaombeni wasaa mfupi mnitegee sikio, kwani jambo nililowaletea leo ni jambo la sikio na ulimi.

Muradi wangu ni kuzungumza juu ya mashine zinazosikia maneno ya watu na kuyajibu, ambazo zimekwisha kuingia katika simu za mkononi, na ambazo wajuzi wa mambo hayo wanatuambia kuwa zitamfungulia intaneti mtu asiyesoma, asiyeona, na asiyejua Kiingereza. Nimeyagawa maneno yangu mafungu matatu, ili atakayeitwa nje katikati ya mazungumzo, akirudi, ajue tumefika wapi. La kwanza, ni nani kwetu aliyeachwa nje ya intaneti, na ameachwa kwa sababu gani? La pili, mashine hujifunzaje kusikia, na mbona haitusikii sisi? La tatu, tufanye nini, na kwa sharti gani? Katika hilo la tatu ndimo yalimo niliyokuja kuwausia, nayo kwa ufupi ni haya: sauti zetu tuzitoe, na tuzitoe kwa amana.

Haya, la kwanza.

Pwani hii haikupitwa na vyombo vya zama. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, kutoka kwenye jukwaa la Waitaliano lililosimama baharini mbele ya Ngomeni, ilirushwa setilaiti iliyopewa jina la Kiswahili, Uhuru, nayo ikawa ya kwanza duniani kupelekwa angani kwa kazi mahsusi ya kuchunguza miale ya eksirei inayotoka katika nyota. Mwaka 2009 ukafika Mombasa waya wa TEAMS, uliolazwa chini ya bahari kutoka Fujairah katika Falme za Kiarabu, na nyaya nyingine zikaja pia, hata habari za dunia nzima zikawa zinatia nanga pwani kabla ya kufika Nairobi. Minara ya simu imesimama hata katika vijiji ambavyo maji ya mfereji hayajafika. Basi hatuwezi kusema kwamba vyombo havikuja. Vimekuja, walakini vimekuja na maandishi, na aghalabu maandishi ya Kiingereza, na hapo ndipo jamaa zetu wengi walipokwama.

Ni nani hao? Tumtazame mama karanga, yule asimamaye dikoni Malindi tangu alfajiri kungojea mashua, akanunua tafi na changu wadogo, akawapara, akawatia chumvi na pilipili, akawakaanga kando ya njia mpaka jioni. Mama huyu anajua bei ya jana na ya leo, anajua nani amemkopa na nani amemlipa, na yote hayo anayahifadhi kichwani minghairi ya daftari. Simu anayo, na pesa anapokea kwa simu, na salio analisoma, kwa kuwa tarakimu anazijua vyema kuliko wengi waliokaa shuleni miaka minane. Mwanawe aliye Mombasa akitaka habari za nyumbani, mama hasumbuki na herufi. Anaweka kidole juu ya alama ya kipaza sauti, anasema yake yote kwa Kigiriama kilichotiwa Kiswahili hapa na pale, anauinua mkono, na ujumbe wa sauti umekwenda.

Zingatieni hapo, wasikilizaji wangu. Mama huyu hakungoja mkutano wa wataalamu kuamua. Amekwisha kuchagua njia yake ya kuitumia intaneti, na njia aliyoichagua ni sauti.

Tabu ni kwamba ujumbe ule unakwenda kwa mtu. Siku mama anapotaka kusema na ofisi, mambo hugeuka. Bima mpya ya afya ya jamii ilipoanza Oktoba 2024, kila mtu alitakiwa ajiandikishe, aghalabu kwa simu au kwa mtandao, na huko hakuna alama ya kipaza sauti ya kuwekea kidole ukasema, “Mimi ni fulani, nina watoto wanne, niandikeni.” Ikabidi aende saiba, yaani duka la intaneti. Pale saiba anampa kijana kitambulisho chake, namba yake ya siri, umri wa watoto wake na maradhi ya mumewe, huku watu watatu wako nyuma yake kwenye foleni wakisikia, kisha akalipa. Kijana yule huenda ni mwema kabisa, na wengi wao ni wema. Lakini je, ni insafu kwamba siri za nyumba ya mtu zipite mikononi mwa mgeni kwa sababu tu mashine haikufunzwa kumsikiliza mwenyewe?

Na si mama karanga peke yake. Yuko mzee wa Vitengeni anayetaka kujua shamba la babaye limeandikwa kwa jina la nani. Yuko mvuvi wa Mayungu anayetaka kujua habari za pepo kabla ya kung’oa nanga, nazo zimeandikwa kwenye ukurasa ambao hawezi kuusoma. Yuko asiyeona, ambaye kioo cha simu kwake ni kipande cha kioo tu. Hawa hawakukosa akili wala hamu. Wamekosa njia ya kuingilia.

Hilo ndilo fungu la kwanza: watu wetu wana simu na wana maneno, lakini intaneti haiyasikii maneno yao. Sasa tuulize, mbona haiyasikii?

Tuingie fungu la pili.

Mashine haina sikio kama letu. Ina kipaza sauti kinachoupokea mtikisiko wa hewa na kuugeuza kuwa tarakimu, kisha programu huzikata tarakimu zile vipande vidogo mno, vipande kama mia kwa sekunde moja, na kutafuta vinafanana na sauti zipi ilizowahi kufunzwa. Ili ifunzwe, hupewa mambo mawili pamoja: sauti ya mtu akisema, na maandishi ya maneno yale yale aliyoyasema. Inayalinganisha haya na yale, mara elfu, mara milioni, mpaka inapata mazoea ya kukisia kwamba sauti ya namna hii ikifuatwa na ya namna ile, yamkini neno lililotajwa ni hili. Nasema kukisia, wala sisemi kujua. Mashine ni kama mtoto aliyelelewa nyumba ya watu: atasema kama wasemavyo wa nyumba ile, kwa matamshi yao na mizaha yao, na neno lisilotajwa nyumbani mle hatalijua, hata likiwa ndilo neno la kwanza kwa majirani.

Basi mashine hizi zimelelewa nyumba ya nani? Kiingereza, bila shaka, ndicho nyumba kubwa. Kiswahili nacho kimepata chumba. Mwaka 2017 Google ilikitia Kiswahili katika lugha ambazo mtu anaweza kuzisema simu ikamwandikia. Mwaka 2021 shirika la Mozilla likaanza kukusanya sauti za Kiswahili katika mradi wake wa Common Voice, ambamo mtu yeyote hujitolea kusoma sentensi kwa sauti, na mwingine akasikiliza na kuthibitisha kwamba imesomwa sawasawa. Hayo ni mema, na waliojitolea wanastahili shukrani.

Lakini Kiswahili kipi? Mnakumbuka, au mmesimuliwa, kwamba mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kimvita, lugha ya mji ule ule waliokutania, kikawekwa kando. Uamuzi ule ulikuwa wa vitabu; leo unarithiwa na mashine. Bibi wa Mambrui akimwambia mjukuu wake “ndoo”, mjukuu anakuja. Mashine iliyofunzwa usanifu peke yake itaandika chombo cha kutekea maji. Pale p’aa wa mwituni na paa la nyumba wanapotafautishwa na pumzi ya midomo, pumzi ambayo maandishi ya kawaida hayaionyeshi, mtoto wa pwani anasikia vitu viwili na mashine inasikia kimoja.

Hayo ni ya Kiswahili, lugha yenye wasemaji mamilioni na mamilioni. Je, lugha za Kimijikenda? Je, Kigiriama? Je, Kichonyi, Kikauma, Kijibana, Kikambe, Kiribe na Kirabai, tuziache Kidigo na Kiduruma zilizo kusini mwetu? Hapa, wasikilizaji wangu, pana kisa kirefu ambacho nitakifupisha.

Mmisionari Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na muda si muda akawa Rabai pamoja na mwenzake Rebmann, wakiandika maneno ya wenyeji. Mwaka 1891 Taylor akachapisha kitabu cha msamiati wa Kigiriama. Watu hawa walifanya kazi kubwa, na wengi wetu tumenufaika nayo, lakini tusisahau walikuwa wanaandika kwa ajili gani: walitaka kuihubiri Injili kwa ulimi wa wenyeji. Sasa rukeni mpaka Mei 2023. Kampuni ya Meta, yenye Facebook na WhatsApp, ilitangaza kwamba imezifunza mashine kusikia na kusema lugha zaidi ya 1,100, na baadhi ya lugha zetu za Kimijikenda zimo miongoni mwake. Zilipata wapi sauti za lugha zote hizo? Kwa sehemu kubwa, katika kanda za Agano Jipya lililosomwa kwa sauti. Miaka zaidi ya mia moja imepita, na lugha zetu zimeingia ndani ya mashine kwa mlango ule ule zilioingilia vitabuni.

Sisemi hili kwa dharau; kitabu kitakatifu ni kitakatifu. Nasema tu kwamba mashine iliyolelewa kanisani itajua maneno ya kanisani. Mtaniambia kwamba hata Petro alikuwa mvuvi na nyavu zake zilichanika. Kweli kabisa. Lakini Petro hakuwahi kuuliza bei ya barafu dikoni, wala hakupiga simu kuulizia mbolea ya ruzuku, wala hakusahau namba yake ya siri. Tena zile kanda zilisomwa na watu wenye sauti safi, ndani ya vyumba vyenye kimya, kwa utaratibu. Na mama wa Bamba anayeulizia homa ya mwanawe usiku anasema kwa haraka, kwa kilio nusu, mbwa wanabweka, na bodaboda inanguruma nje. Sauti hiyo mashine haijawahi kuisikia.

Je, ni kwa sababu sisi ni wachache? Hasha. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 iliwaonyesha Wamijikenda kuwa karibu milioni mbili na nusu. Watu wa Iceland hawafiki laki nne, na mashine zinasikia lugha yao, kwa kuwa walikaa chini, serikali yao na vyuo vyao, wakakusanya sauti zao. Jirani zetu wa Rwanda wamejitolea mpaka Kinyarwanda kikapata zaidi ya saa 2,000 za sauti katika Common Voice, kikawa miongoni mwa lugha zenye hazina kubwa kabisa mle. Hapa Kenya, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Maseno na wenzao wamekusanya Kijaluo, Kiluhya na Kiswahili. Na katika mradi wa African Next Voices, unaohusu lugha 18 za Afrika, Kenya imewakilishwa na Kijaluo, Kikikuyu, Kikalenjin, Kimaasai na Kisomali. Nawapongeza kwa moyo safi. Lakini hebu rudieni orodha hiyo kimoyomoyo, mniambie: humo mmesikia lugha hata moja ya Kimijikenda?

Basi fungu la pili tulifunge hivi: mashine humsikia yule aliyesema nayo, na sisi hatujasema nayo, wengine wametusemea.

Sasa fungu la tatu, ambalo ndilo kubwa. Tufanye nini?

Kwanza, tutoe sauti. Na hapa pana tanzi ambalo lazima tulitatue. Njia iliyozoeleka ya kukusanya sauti ni kumpa mtu sentensi iliyoandikwa aisome. Sasa fikirini: mashine hizi zinakusudiwa kumfaa asiyesoma, na asiyesoma hawezi kuchangia sauti yake, kwa sababu hawezi kusoma ile sentensi! Matokeo yake ni kwamba mashine inajifunza sauti za walimu na wanafunzi, na bibi wa Ganze, ambaye kazi yote inafanywa kwa jina lake, anabaki nje mara ya pili. Hivyo njia inayotufaa sisi ni ya mazungumzo. Muulize mtu swali aseme apendavyo. Mwonyeshe picha ya mashua iliyokwama akueleze kilichotokea. Mwambie akueleze jinsi ya kupika mchicha, au jinsi alivyolima mwaka ule wa ukame. Kisha vijana waliosoma, wanaoijua lugha ile kwa kuzaliwa nayo, wakae wayaandike maneno yale neno kwa neno, na walipwe ujira wao, maana kuandika saa moja ya mazungumzo ni kazi ya saa nyingi, na mwenye kuifanya hula kama watu wengine.

Vijana hao wako wapi? Chuo Kikuu cha Pwani kipo hapa hapa Kilifi. Wako wanafunzi waliotoka Kaloleni na Magarini ambao wanasoma kompyuta asubuhi na jioni wanasema na mama zao kwa Kichonyi au Kigiriama. Hatuhitaji kuagiza mtu.

Na mazungumzo yako wapi? Yapo hapa, wasikilizaji wangu, katika redio. Kila jioni, kutoka Mombasa hadi Malindi, watu wanapiga simu katika vituo vya redio wakitoa rai, wakilalama, wakitaniana, wakitoa salamu kwa shemeji na wakwe, kwa Kiswahili cha mitaa yote na kwa lugha za Kimijikenda. Hiyo ndiyo sauti ya watu kama walivyo, na kelele zake na haraka zake. Vituo vingi huihifadhi kwa muda, kisha huifuta ili kupata nafasi.

Mtauliza, je, redio inaweza kufanya jambo kama hili? Iko iliyolifanya. Kule New Zealand, katika mji wa Kaitaia, iko redio ya Wamaori iitwayo Te Hiku. Mwaka 2018 waliwaita wasikilizaji wao wasome na kurekodi Kimaori, wakashindanisha vikundi, na katika siku kumi tu wakapata zaidi ya saa 300 za sauti, wakazitumia kuunda mashine inayoandika Kimaori inachokisikia. Hawakuwa kampuni kubwa. Walikuwa redio, wakiaminiwa na watu wao, na imani ile ndiyo iliyokuwa rasilimali yao. Karibu zaidi, huko Kampala, ofisi ya Umoja wa Mataifa iliyoitwa Pulse Lab, ikishirikiana na wataalamu wa Makerere na wa Stellenbosch, iliifunza mashine kusikiliza redio za vijijini za Uganda kwa Kiganda na Kiacholi, ili wakuu wajue wananchi wanalalamikia nini kabla ripoti haijaandikwa.

Lakini mfano huo wa pili unanipeleka kwenye neno langu la pili, na hili nataka mlishike: sharti. Mashine inayosikia malalamiko ili yatatuliwe ndiyo hiyo hiyo inayoweza kusikia ili mlalamikaji atafutwe. Kwa hivyo nasema tena, sauti zetu tuzitoe, na tuzitoe kwa amana. Mtu akikuwekea amana, kitu ni chake. Wewe unakitunza, unakitumia kwa alichokuruhusu, na akikitaka unakirudisha.

Wale Wamaori walilielewa jambo hilo. Kampuni za nje ziliwajia zikitaka kuzinunua sauti zile, wakakataa. Waliandika leseni yao wenyewe, ambayo inasema kwamba wao ni walinzi wa sauti zile kwa niaba ya wenye sauti, na kwamba matumizi yake lazima yawanufaishe Wamaori. Ndugu zetu wa Common Voice wamechagua njia tafauti: sauti inayotolewa kwao inakuwa ya ulimwengu mzima, yeyote aichukue aitumie atakavyo. Kwa lugha kubwa kama Kiswahili sioni ubaya mkubwa, maana sauti moja inapotea katika maelfu. Lakini katika lugha ya watu wachache, kama Kiribe au Kikambe, mtu akisema maneno matatu wenzake wanamjua ni fulani bin fulani, wa ukoo gani, na nyumba yake ipo karibu na mwembe gani. Sauti yake ni uso wake. Huwezi kumwambia atoe uso wake kwa dunia nzima bila sharti.

Sharti gani hasa? Nitayataja manne, na mwenye karatasi ayaandike.

Sharti la kwanza ni ridhaa iliyoelezwa kwa lugha ya mwenye sauti. Sheria ya kulinda data ya mwaka 2019 inamtaka anayechukua habari za mtu amweleze anazichukua kwa kazi gani. Mwaka 2023 tuliona watu wakipanga foleni Nairobi katika mradi wa Worldcoin, mboni za macho yao zikapigwa picha kwa ahadi ya sarafu za kidijitali, mpaka serikali ikausimamisha mradi ule, na mwaka 2025 Mahakama Kuu ikaamuru habari zile zifutwe. Tusingoje mahakama.

Sharti la pili ni kwamba yako mambo yasiyorekodiwa. Misitu mitakatifu ya makaya ya Wamijikenda iliingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2008, na wazee wa kaya wana maneno yao ya faragha ambayo hata kijana wa ukoo hayapewi mpaka wakati wake. Mashine haina haja ya kuyajua. Ipe ya sokoni, ya shambani, ya hospitali na ya baharini. Ya kaya yaache kaya.

Sharti la tatu ni manufaa yarudi. Lugha ikisaidia kuundwa kwa huduma, huduma ile iwafikie kwanza waliotoa sauti, tena ipatikane kwa kupiga simu ya kawaida, ukauliza na ukajibiwa kwa sauti, kwa ile simu ndogo ya vitufe tunayoiita kabambe. Maana huduma inayotaka simu ya bei kubwa na bando kila siku imemrudisha mama karanga kule kule nje.

Sharti la nne ni kwamba mashine ikiri pale isipojua. Tumesema kazi yake ni kukisia. Ikikisia jina la wimbo, si neno. Ikikisia kipimo cha dawa ya mtoto, ni hatari. Katika mambo ya afya na ya ardhi na ya fedha, nyuma ya mashine awepo mtu anayejibu kwa jina lake.

Na hapo hapo niwape hadhari moja. Mashine inayoweza kuisikia sauti inaweza pia kuiiga. Mmezoea ule ujumbe wa walaghai, “Tuma ile pesa kwa hii namba.” Siku zijazo hautakuja kwa maandishi; utakuja kwa sauti ya mwanao, analia, yuko kituo cha polisi. Kateni simu, mumpigie mwenyewe kwa namba mnayoijua. Waambieni wazee nyumbani leo leo.

Atasema mtu: ukiweka masharti yote haya, wenye fedha watakwenda kwingine. Huenda. Lakini hata tulipokuwa hatuna sharti lolote hawakuja, kwa hivyo sijui tutapoteza nini. Tena Katiba ya mwaka 2010, ibara ya saba, imeipa serikali wajibu wa kukuza na kuendeleza matumizi ya lugha za wenyeji, pamoja na njia za mawasiliano zinazowafikia wenye ulemavu. Huo ni wajibu ulioandikwa, na anayedai haki yake haombi hisani.

Basi wasikilizaji watukufu, muda wangu unakwisha. Tumesema mambo matatu. Watu wetu wana maneno, na intaneti haiyasikii. Haiyasikii kwa kuwa hatujasema nayo sisi wenyewe, wametusemea wengine. Na dawa yake ni kuzitoa sauti zetu, za mazungumzo, kwa amana na kwa sharti.

Kila mmoja na kazi yake. Wakuu wa vituo vya redio, nawaombeni msifute kanda za vipindi vya simu. Ziwekeni, muandike tarehe na lugha, na kuanzia sasa muulizeni anayepiga simu kama anaridhia sauti yake ihifadhiwe. Walimu na wanafunzi wa vyuo, anzeni na lugha moja na saa kumi za mazungumzo, msingoje fedha za saa elfu. Waheshimiwa wa kaunti, mnapoagiza mfumo wowote wa kuwahudumia wananchi, andikeni katika mkataba kwamba lazima ujibu kwa sauti, kwa Kiswahili na kwa lugha moja ya Kimijikenda kwa uchache. Na wewe msikilizaji, siku utakapojiwa na mtu mwenye kinasa sauti, usimfukuze na usimkubalie upesi. Mkaribishe, mpe kiti, kisha umuulize: sauti yangu unaipeleka wapi, nani ataisikia, na nikiitaka utanirudishia? Akikujibu vizuri, mpe maneno yote aliyoyajia.